Makopo Mengi, Rafu Tupu: Kisa cha Mchango wa Chakula Katika Shule Moja ya Louisville

Kisa hiki ni cha Novemba 2025, katika shule moja ya msingi upande wa kusini wa mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani. Shule sitaitaja jina, wala kanisa lenye stoo ya chakula iliyopokea mchango wake. Mimi nilikuwemo kama mkalimani: ndiye ninayesimama kati ya ofisi ya shule na wazazi wanaosema Kiswahili, wengi wao watu wa Kivu na Katanga nchini Kongo, waliokaa miaka mingi katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Tanzania, au Kakuma, Kenya, kabla ya kuletwa hapa. Nakiandika kwa sababu shule nyingi wanakosoma watoto wetu hufanya mchango wa namna hii kila mwaka, na familia zetu ziko pande zote mbili za meza. Mtoto anaambiwa alete kopo, na wiki hiyohiyo mama yake yuko kwenye foleni ya kupokea.

Kwa msomaji ambaye hajaishi Marekani, inafaa kueleza kwanza chakula hiki hupita wapi. Benki ya chakula ni ghala kubwa linalopokea mizigo ya malori kutoka viwandani, mashambani, kwenye supamaketi na kwa serikali ya shirikisho. Ya kwanza ilianzishwa na John van Hengel huko Phoenix, Arizona, mwaka 1967. Leo mtandao uitwao Feeding America una benki zipatazo 200, na chini yake vituo vidogo takribani 60,000. Katika hivyo vidogo ndimo zilimo stoo za chakula: chumba cha chini ya kanisa, ukumbi wa jumuiya, pengine darasa lililobaki wazi shuleni. Mwenye njaa haendi kwenye ghala kubwa. Anakwenda stoo ya mtaani kwake, siku iliyopangwa, anachukua cha kumsogeza siku chache.

Benki ya Louisville inaitwa Dare to Care, na asili yake inamgusa yeyote anayefanya kazi na watoto. Mkesha wa Shukrani, sikukuu ya Wamarekani ya mwezi wa Novemba, mwaka 1969, mvulana wa miaka 9 aitwaye Bobby Ellis alifariki katika mji huu kwa utapiamlo. Mji ulishtuka, watu wa makanisa na wa mitaani wakaanza kukusanya chakula, na juhudi ile ndiyo iliyozaa benki hiyo. Ndiyo maana wazee wa hapa wakisikia Novemba na chakula hawachukulii kama desturi tu ya sikukuu.

Sasa, mchango wa shule ni kitu kidogo ndani ya mfumo huo. Sehemu kubwa ya chakula cha stoo hutoka benki ya chakula na kwa serikali. Watoto wa shule moja hawawezi kulisha mtaa mzima, hata wakileta makopo mpaka ukumbi ujae. Nimelitafakari sana jambo hili, na ninaamini kisa chote kinasimama hapa: mchango mdogo una thamani kubwa ukijaza pengo ambalo malori hayalijazi. Ukirudia kile ambacho malori yameshaleta, unawapa watu wa stoo kazi ya kubeba na kupanga, na familia inaondoka ikiwa imekosa kilekile ilichokosa mwezi uliopita.

Mashindano yalivyokuwa

Kwa miaka kadhaa shule iliendesha mchango kwa njia moja. Kila darasa lilipewa sanduku, kila kitu kilicholetwa kilihesabiwa alama moja, na kila asubuhi mwalimu aliandika jumla ubaoni. Darasa lililoongoza lilifanyiwa sherehe ya piza. Watoto walifurahi, na ofisi ilipata picha nzuri ya milima ya makopo kwenye korido.

Lakini watu hufuata kile kinachohesabiwa. Pakiti moja ya tambi za haraka, ambayo bei yake ni senti tu, ilikuwa alama moja. Mfuko wa mchele wa pauni 10, yaani kilo nne na nusu hivi, nao ulikuwa alama moja. Mzazi mwenye gari aliyetaka darasa la mwanawe lishinde alipita dukani siku ya mwisho akabeba katoni nzima ya tambi, na darasa likaruka mbele. Hakuvunja kanuni yoyote. Kanuni yenyewe ndiyo iliyomwelekeza huko.

Vingine vilitoka kabatini, vile ambavyo kila nyumba ilinunua ikasahau kula: maboga ya kopo ya kutengenezea pai, jemu ya kranberi, maharage mabichi ya kopo, mahindi yaliyosagwa na krimu, supu zenye chumvi nyingi. Januari 2025 mama anayeendesha stoo, mwalimu mstaafu, alimwambia mwalimu mkuu kwa upole kwamba rafu za maboga na maharage mabichi bado zimejaa, ilhali mafuta ya kupikia, mchele na sabuni vilikwisha kabla ya Krismasi. Hakuwa analalamika. Alikuwa anatoa taarifa ya stoo, kama ambavyo mtunza ghala yeyote angefanya.

Jambo la pili halikuwa kwenye taarifa yake, maana yeye asingeweza kuliona. Mama mmoja, mzaliwa wa Uvira, alinisogelea baada ya kikao cha wazazi akaniambia: “Mwalimu, nikuambie kitu, lakini usikipeleke ofisini na jina langu. Lile kopo alilobeba mtoto wangu tulipewa palepale kanisani. Alilia asubuhi kwamba wenzake wote wanabeba, yeye peke yake hana. Nikatoa kwenye mfuko wa msaada nikampa.”

Baadaye niligundua kwamba hakuwa peke yake. Kopo lilitoka stoo, likaenda nyumbani, likaenda shuleni, likahesabiwa alama moja, likarudi stoo. Katika mzunguko huo hakuna aliyeongezewa chakula, na nyumba moja ilipunguziwa. Sisi tunasema mkono mtupu haulambwi, na mtoto aliyelelewa na maneno hayo atafanya lolote asiingie darasani mikono mitupu. Ubao ulioandikwa jumla kila asubuhi ulimfanya mtoto wa nyumba hiyo ajione mzigo kwa darasa lake. Kama ningeulizwa nichague hitilafu moja tu ya mpango ule wa zamani, ningetaja hii kabla ya tambi na maboga.

Mwaka ulivyobana

Yangeweza kuendelea hivyo kwa miaka mingine mingi, kwa sababu desturi ya shule haibadiliki kwa mazungumzo ya pembeni. Kilicholazimisha mabadiliko ni mwaka wenyewe.

Familia nyingi tunazozungumzia hutegemea SNAP, msaada wa serikali wa kununulia chakula unaoingia kwenye kadi kila mwezi, na ambao wakati huo ulitumiwa na watu wapatao milioni 42 nchini kote. Mwaka 2025 ulileta mapigo mawili. La kwanza ni sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai, iliyowaondoa wakimbizi katika SNAP mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Mkimbizi huruhusiwa kuuomba ukaazi huo baada ya mwaka mmoja nchini, na majibu hayaji kesho yake. Maana yake ni kwamba familia mpya, ile iliyofika juzi, isiyo na gari, isiyojua Kiingereza wala mahali pa kuanzia, ndiyo iliyokatwa. La pili liligusa kila mtu: serikali ya shirikisho ilifungwa kwa kukosa bajeti iliyopitishwa, tangu tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba, na malipo ya SNAP ya Novemba yakasimama, kwa wengi yakachelewa hadi katikati ya mwezi.

Foleni ya kanisani iliongezeka ghafla. Walikuja wazee wa Kimarekani ambao hawajawahi kuomba chakula maishani mwao, wakasimama nyuma ya akina mama wenye vitenge, na wote waliingia wakakuta maboga ya kopo.

Shuleni kwenyewe watoto hawakukosa kula. Wilaya ya Louisville hutoa kifungua kinywa na chakula cha mchana bila malipo kwa watoto wa shule zake nyingi, kwa mpango wa shirikisho unaoziruhusu shule za maeneo yenye kipato cha chini kulisha wote pasipo kuuliza mtoto ana nini. Njaa ilikuwa ya jioni, na ya Jumamosi na Jumapili. Mtoto alikuwa anashiba mezani shuleni, akienda nyumbani anamkuta mama akigawa.

Kikao cha maktaba

Mwalimu mkuu aliitisha kikao mwishoni mwa Oktoba. Walikuwepo yeye, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mama wa stoo, mwalimu wa darasa la tano, akina mama watatu wa Kikongo na baba mmoja Msomali, pamoja nami wa kutafsiri. Kwa kawaida mchango hupangwa na wanaotoa. Safari hii wanaokula walikaa meza moja nao, na kwa hakika wazo hilo lilikuwa la mwalimu mkuu mwenyewe, anastahili sifa yake.

Akina mama walikuwa kimya mwanzoni. Si rahisi kukaa mbele ya mwalimu mkuu ukaeleza kwamba chakula ulichopewa bure hukukipika. Kwetu hilo ni utovu wa adabu, mgeni hachagui. Mama wa stoo ndiye aliyeufungua mlango. Alisema: “Mimi nikijua mnapika nini, nitaacha kutupa.” Nilipolitafsiri hilo, mama mkubwa kuliko wote aliweka mkoba chini, akaanza kuhesabu kwa vidole: mchele, maharage makavu, mafuta, chumvi, sukari, majani ya chai, samaki wa kopo, nyanya za kopo, unga wa bugali, yaani ugali. Kisha akasita, akaongeza sabuni.

Sabuni ilimshangaza mwenyekiti wa kamati, ambaye alikuwa amekuja na karatasi ya vyakula peke yake. Mama wa stoo akamweleza kwamba kadi ya SNAP hainunui sabuni, wala nepi, wala pedi. Familia inaweza kuwa na kadi yenye pesa na bado ikakosa cha kufulia sare za shule. Hili ni pengo la wazi kabisa, na mchango wa shule unaweza kulijaza vizuri kwa sababu kipande cha sabuni hakiozi, hakipasuki, na mtoto wa chekechea anaweza kukibeba.

Baba wa Kisomali aliongelea nguruwe. Maharage mengi ya kopo ya Kimarekani yamepikwa na mafuta au nyama ya nguruwe, na maandishi yenyewe ni madogo. Familia ya Kiislamu isiyosoma Kiingereza huyabeba, ikigundua nyumbani huyatupa, au isipogundua huyala, na hilo la pili lilimuuma zaidi. Hakuomba yakatazwe. Aliomba yatengwe.

Kisha mama wa stoo akatoa hoja ambayo iliniweka sawa. Orodha ya akina mama ni nzuri, alisema, lakini si wao peke yao wanaokuja. Kuna mzee anayeishi kwenye chumba cha moteli, hana jiko, ana oveni ndogo ya maikrowevu tu. Huyo maharage makavu hayamsaidii, anahitaji kopo lenye pete ya kufungulia na chakula kinacholika hata baridi. Kuna bibi anayekuja kwa basi, mfuko wa mchele wa pauni 20 hawezi kuubeba mpaka kituoni, bora mifuko ya pauni 2. Akina mama walilikubali hilo mara moja, tena wakaanza kuulizana huyo mzee wa moteli ni nani na kwa nini hana mtu wa kumpikia. Kikao kikageuka kidogo. Ilibidi nitafsiri kwa haraka.

Palikuwa na ubishi wa kweli katika mambo mawili. La kwanza ni pesa. Mama wa stoo angependa pesa kuliko makopo, na ana hoja nzito: stoo hununua kwa bei ya chini kupitia benki ya chakula, na Feeding America wenyewe husema dola 1 husaidia kupatikana kwa milo isiyopungua 10. Hakuna mzazi anayeweza kupata milo kumi kwa dola moja kwenye rafu ya supamaketi. Mwalimu mkuu hakutaka watoto wadogo wabebe pesa, na aliona kwamba mtoto anayeshika mfuko wa mchele kwa mikono yake anajifunza kitu ambacho bahasha haifundishi. Nadhani wote wawili walikuwa sahihi, na suluhisho lao lilikuwa la busara: chakula kitaletwa na watoto, na bahasha isiyo na jina itakwenda kwa watu wazima, atakayependa arudishe, asiyependa asiulizwe. Ya pesa ikapewa kazi yake maalumu, ambayo nitaieleza.

La pili ni mashindano. Mwenyekiti wa kamati aliamini kwamba bila piza watoto hawataleta chochote. Wala si hoja ya kipuuzi, kwani miaka yote walikuwa wameleta kwa sababu ya piza. Mwalimu wa darasa la tano ndiye aliyeleta njia nyingine. Alipendekeza shule nzima iwe na lengo moja, na kila ngazi ya darasa ipewe kitu kimoja tu cha kutafuta. Darasa halishindani na darasa, maana wa mafuta hawawezi kulinganishwa na wa sabuni, na kila moja linamtegemea mwenzake ili mfuko wa familia ukamilike.

Ile habari ya kopo lililozunguka niliisema mimi, bila jina la mtu wala nchi. Nilisema tu kwamba kuna watoto wanaochukua stoo ili walete stoo. Mwalimu mkuu alinyamaza kidogo, kisha akauliza masanduku yawekwe wapi ili isijulikane nani ameleta na nani hakuleta.

Mpango uliotoka

Chekechea walipewa sabuni. Darasa la kwanza mchele wa mifuko ya pauni 2, la pili maharage, nusu makavu na nusu ya kopo yasiyo na nguruwe, la tatu mafuta ya chupa za plastiki, la nne samaki na kuku wa kopo lenye pete. Darasa la tano lilipewa chumvi, sukari na majani ya chai, pamoja na kazi ya mizani. Chupa za kioo zilikatazwa, kwa sababu ikipasuka moja sanduku lote hutupwa, na vilevile vyakula vilivyofungashwa nyumbani.

Masanduku hayakuwekwa madarasani. Yaliwekwa kwenye mlango mkuu, mahali ambapo watoto wote hupita asubuhi kwa msongamano. Ubao wa jumla ukaondolewa. Badala yake ilichorwa rafu kubwa kwenye karatasi ukutani, yenye nafasi za kila kitu, na kila jioni darasa la tano lilipaka rangi sehemu iliyojaa. Mtoto aliyepita alijua kama mafuta yamepungua, hakujua nani hakuleta.

Na kwa watoto ambao nyumbani hakuna cha kutoa, palikuwa na kazi nyingi za kweli. Walichora lebo za rafu za stoo kwa Kiswahili, Kihispania, Kisomali na Kiingereza, zikiwa na picha ya mnyama penye nyama ili asiyesoma naye aelewe. Walipanga, walibeba, walihesabu. Mwana wa yule mama wa Uvira aliandika lebo za Kiswahili, na walimu wakawa wanakwenda kumuuliza yeye namna ya kuandika. Hilo nililiona kwa macho yangu na lilinifurahisha sana.

Barua ya wazazi ilitumwa kwa lugha zote zinazosomwa shuleni. Ilikuwa fupi: kitu gani, ukubwa gani, tarehe ipi, na sentensi moja iliyosema kwamba familia ambazo mwezi huu zinahitaji chakula haziombwi kuleta, na saa za stoo ni hizi.

Saa zenyewe zilizua jambo. Stoo ilikuwa inafunguliwa Jumatano asubuhi. Wazazi wengi wa Kikongo hapa hufanya kazi za usiku kwenye maghala, na kwenye kituo kikubwa cha ndege za mizigo za UPS kilicho uwanja wa ndege wa Louisville, ambako mizigo huchambuliwa usiku kucha. Jumatano asubuhi ndio kwanza wamelala. Kumbe baadhi ya waliokuwa wanaonekana hawana shida walikuwa usingizini tu. Kanisa likaongeza Jumamosi mchana, mara mbili kwa mwezi, na kwa maoni yangu uamuzi huo uliwafikishia watu chakula kuliko sanduku lolote tulilojaza.

Kupokea na kuchambua

Uchambuzi ulifanyika kwenye ukumbi wa mazoezi, Ijumaa kabla ya wiki ya Shukrani. Mwenyekiti wa kamati alikuwa na hofu ya mashtaka endapo mtu ataugua. Ni hofu ya kawaida nchini humu, na inazuia watu wengi kutoa. Sheria ya Bill Emerson ya mwaka 1996 inamlinda anayetoa chakula kwa nia njema kupitia shirika lisilo la faida, isipokuwa amefanya uzembe mkubwa au amekusudia kudhuru. Alipoelezwa alitulia.

Tarehe za makopo zilileta maswali zaidi. Watu wengi hudhani tarehe iliyoandikwa ni siku ya chakula kugeuka sumu. Kwa sheria ya shirikisho, bidhaa pekee inayolazimika kuwa na tarehe ni maziwa ya unga ya watoto wachanga, na hayo yakipita tarehe hayapokelewi kabisa. Vingine, tarehe huwekwa na kiwanda kuonyesha ubora. Vyakula vyenye asidi kama nyanya na nanasi hubaki na ubora wake miezi 12 hadi 18, na nyama, samaki au maharage ya kopo miaka 2 hadi 5. Kinachotisha ni hali ya kopo: lililovimba, linalovuja, lenye kutu nzito au lililobonyea kwenye mshono linaweza kubeba sumu ya botulini, na hapo hakuna kujadiliana, linatupwa. Watoto walilielewa somo hili haraka kuliko watu wazima, wakawa wanapitisha vidole kwenye mishono kama mafundi.

Darasa la tano lilipima kila kitu. Wizara ya kilimo ya Marekani huhesabu pauni 1.2 za chakula kuwa mlo mmoja, basi wakagawanya uzito wote kwa 1.2, hesabu ya desimali yenye kazi ya kweli. Mtoto mmoja akauliza sabuni tunaihesabu milo mingapi. Mwalimu akaanzisha safu ya pili.

Usafirishaji sina la kusema sana. Kanisa liko mitaa michache tu kutoka shuleni, wazazi wenye magari makubwa walibeba, ikaisha kabla ya jioni.

Yaliyokwenda sawa na yasiyokwenda

Idadi ya vitu ilikuwa ndogo kuliko miaka ya mashindano, na mwenyekiti alikuwa sahihi kwa kiasi hicho. Picha ya korido haikuwa na milima. Lakini mchele, mafuta na sabuni viliondoka stoo ndani ya mzunguko wa kwanza wa ugawaji, na hakuna kitu cha orodha kilichobaki rafuni kikizeeka. Mama wa stoo hakupeleka chochote kwenye jalala, isipokuwa makopo mabovu ya siku ya uchambuzi.

Unga ndio uliotushinda. Kwenye supamaketi za kawaida unga wa mahindi unaopatikana kwa wingi ni wa njano, tena mara nyingi umeshachanganywa na sukari na hamira kwa ajili ya mkate wa mahindi. Hatukuuweka kwenye orodha ya darasa lolote, lakini wazazi wa Kimarekani waliosikia kwamba akina mama wanapenda unga walinunua huo, kwa moyo safi kabisa. Mama mmoja aliupika. Ulikataa kushikana, ukatoka mtamu. Hapo ndipo pesa za bahasha zilipopata kazi yake: zilikwenda kwenye duka la Kiafrika, wakanunua unga mweupe na unga wa muhogo kwa magunia, mwenye duka akapunguza bei alipojua unakokwenda. Huo nao akina mama waliugawa wenyewe kwa mifuko midogo, na mzee wa moteli alipata bakuli lililopikwa.

Maharage yenye nguruwe yaliendelea kuja licha ya barua zote. Yalitengwa kwenye rafu yake yenye picha ya mnyama.

Na Januari ilifika kama kawaida yake. Novemba na Desemba kila mtu anatoa: makanisa, maduka, ofisi, shule. Baada ya sikukuu wengi huacha, lakini bili za kupasha nyumba joto hupanda, na saa za kazi maghalani hupungua. Mama wa stoo alisema wazi kwamba kama angepewa uchaguzi, angehamisha mchango wote wa shule kwenda Februari. Kamati ya wazazi iligawanyika, kwa sababu Novemba ina hisia zake katika mji huu, na sababu nimeshaieleza. Walikubaliana kugawa: mchele, mafuta na samaki vibaki Novemba, sabuni, sukari na maharage viende Februari, na bahasha ipite mara zote mbili.

Lililobaki bila jibu ni friza. Akina mama wamesema wako tayari kuchangia sombe (kisamvu) iliyotwangwa na ndagala (dagaa), vitu ambavyo duka la Kiafrika huuza vikiwa vimegandishwa, ila stoo ina friza moja tu na imejaa nyama ya benki ya chakula. Kanisa linahofia nyaya zake za umeme zisizoweza kubeba ya pili. Baba wa Kisomali, ambaye ni fundi umeme, ameahidi kwenda kuzikagua.